Barua za Mweru Zilale Wapi?

MTUNZA NYARAKA: Barua za zamani zinazosomeka leo kuhusu ufuko wa Ziwa Mweru ni zile zilizoondoka Mweru. Pedro João Baptista, mchuuzi Mwafrika aliyetumwa kutoka Angola pamoja na mwenzake Amaro José kutafuta njia ya kuvuka bara, alizuiliwa katika mji wa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki, tangu 1806 hadi 1810, na shajara yake, yaani daftari la matukio ya kila siku ya safari, inasomeka mpaka sasa kwa sababu ilipokelewa na serikali ya Wareno na hatimaye ikachapishwa. David Livingstone aliliona ziwa hili tarehe 8 Novemba 1867, akafika kwa Kazembe, na tarehe 10 Desemba akaandika humo humo mjini barua ndefu ya kikazi kwa Lord Clarendon, akidhani bado ni waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, ilhali Clarendon alikuwa ameacha wadhifa huo tangu Julai 1866. Kosa hilo dogo la anwani linamweleza msomaji, kuliko ramani yoyote, jinsi habari zilivyokwenda polepole kati ya pwani na Mweru, na lisingejulikana kamwe kama maandishi yale yangebaki chini ya paa la nyasi, mahali ambapo mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili na mchwa hawapumziki mwaka mzima.

MZEE WA UKOO: Hizo, mukwai, ni barua zilizoandikwa ili ziondoke, na kuzifanya ushahidi kwamba kila hati ya huku haina budi kuondoka ni kumchanganya mpita njia na mwenyeji. Kumbukumbu za wenyeji hazikuanza na karatasi. Simulizi la Nachituti, dada yake Nkuba aliyekuwa bwana wa ziwa miongoni mwa Washila, linaeleza kwamba Nkuba alimuua mwana wa dada huyo, dada akaenda kumlilia Mwata Kazembe, na alipolipiziwa kisasi akamkabidhi Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, kuwa alama kwamba nchi na ziwa vimetolewa. Kapu lile na chungu kile havikuwa na saini, lakini vizazi kwa vizazi watu wamezungumzia haki za ardhi na uvuvi kwa kuvitaja. Karatasi yenye saini ililetwa na Alfred Sharpe, mjumbe wa Waingereza, mwaka 1890, Mwata Kazembe wa kumi, Kanyembo Ntemena, akaridhia mkataba na Waingereza, na mwaka 1899 jeshi la Waingereza hao hao likauteketeza mji wake. Mkataba haukumkinga aliyeuridhia. Hata ukitunzwa ng'ambo ya bahari kwa miaka mia na zaidi bila kupata doa, utakuwa umemtunza nani?

MTUNZA NYARAKA: Utakuwa umemtunza shahidi, mzee, tena shahidi dhidi ya yule yule aliyeiandika karatasi. Katika mikataba mingi ya miaka ile mtawala hakuandika jina lake, bali aliweka alama ya msalaba, na kando yake yakaandikwa majina ya mashahidi na ya mkalimani. Nakala iliyochapwa huonyesha maneno tu; hati halisi yaweza kuonyesha kwamba mwandiko mmoja umeandika vifungu, jina la mtawala na msalaba wenyewe, au kwamba nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa baadaye kwa wino wa rangi nyingine. Lewanika, mfalme wa Barotse, aliridhia mkataba ulioletwa na Lochner, wakala wa kampuni ya Waingereza, mwezi Juni 1890, kisha akalalamika kwa serikali ya Uingereza kwamba alielezwa jambo moja na kuandikiwa jingine, na malalamiko hayo yana uzito leo kwa sababu msomaji anaweza kuuweka mkataba na malalamiko yake juu ya meza moja. Huku karibu, Msiri wa Bunkeya, Mnyamwezi aliyejijengea ufalme Katanga, aliukataa mkataba wa Sharpe alipofasiriwa yaliyomo. Baadaye akaamuru iandikwe barua ya kumwita Sharpe arudi, msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Dola Huru la Kongo, ukaikamata njiani, na tarehe 20 Desemba 1891 Msiri akauawa. Miaka mitatu baadaye, mkataba wa 1894 kati ya Waingereza na Dola Huru la Kongo ukaligawa ziwa, ndugu wa Nchelenge wakawa raia wa upande mmoja na ndugu wa Pweto na Kilwa ya bara wakawa wa upande mwingine. Historia ya mpaka huu imepita ndani ya bahasha, na asiyezihifadhi bahasha hataweza kuwauliza waliouchora ni kwa haki gani.

MKUSANYAJI: Pande zote mbili zinazungumza kana kwamba hati ina makao mawili tu, sanduku la ukoo na rafu ya serikali, na kusahau kwamba nyingi zimeokolewa na watu binafsi waliozinunua kwa fedha zao pale ambapo ukoo ulizichoka na serikali haikujua kwamba zipo. Tarehe 5 Februari 1871, akiwa Bambarre, magharibi ya Ziwa Tanganyika, Livingstone alimwandikia rafiki yake Horace Waller juu ya karatasi chakavu, kwa wino hafifu uliopenya upande wa pili na kufifia hata maandishi yakawa hayasomeki. Barua hiyo ilikuwa mikononi mwa mkusanyaji binafsi. Mwaka 2010 wataalamu walitoa matokeo ya kuipiga picha kwa mwanga wa masafa mengi, njia ambayo karatasi humulikwa kwa rangi moja moja ya mwanga, pamoja na ile isiyoonekana kwa macho, kisha kompyuta ikatenganisha wino na madoa, na barua iliyokuwa bubu ikasomeka. Mwenye nayo aliifungulia mlango elimu. Basi kumwita kila mkusanyaji mwizi wa historia si haki.

MTUNZA NYARAKA: Hakuna aliyemwita mwizi. Lakini soko lina tabia yake, na tabia hiyo inajulikana tangu zamani: mnunuzi wa saini hulipa kwa ajili ya jina lililo chini ya ukurasa, si kwa ajili ya mambo yaliyo juu yake. Ndiyo maana katika karne ya 19, huko Ulaya na Marekani, watu walikuwa wakizikata saini za watu mashuhuri kwa mkasi na kuzibandika katika daftari, na sehemu iliyobaki ya barua ikatupwa. Tena mnunuzi huichukua hati moja kutoka katika fungu la hati ishirini, akaitenga na majibu yake, na stakabadhi yake, na bahasha yenye muhuri wa posta unaoonyesha tarehe. Wahifadhi wana kanuni ya kuheshimu asili, yaani karatasi zilizozaliwa pamoja katika ofisi moja au nyumba moja zikae pamoja kwa mpangilio ule ule aliouacha mwenyewe, kwa sababu mpangilio nao ni habari. Barua ikitengwa na wenzake hubaki kama jino lililong'olewa: ni jino kweli, lakini halijulikani ni la nani wala lilitafuna nini.

MKUSANYAJI: Mkusanyaji mzuri huandika silsila ya umiliki, yaani mlolongo wa mikono iliyopitiwa na hati tangu ilipoandikwa, kwa sababu bila silsila hiyo bei hushuka na shaka ya kughushiwa hupanda. Soko lenyewe linamlazimisha.

MZEE WA UKOO: Soko humlazimisha kwa barua ya Livingstone. Je, litamlazimisha nani kwa barua ya mvuvi? Katika nyumba za Nchelenge na Kashikishi, chini ya vitanda, hukaa masanduku ya bati, na ndani yake hakuna jina ambalo mnunuzi wa London atalitambua. Kuna chitupa, kile kitambulisho ambacho serikali ya ukoloni ilimtaka mwanamume Mwafrika atembee nacho ili ijulikane ametoka wapi na anamfanyia nani kazi. Kuna risiti za kodi. Na kuna barua za wale waliokwenda Katanga kuchimba shaba baada ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906, vijana wa bonde la mto Luapula walioandikishwa kazi, wakavuka mto, wakakaa huko miaka, wakaandika nyumbani kwa penseli au wakamwomba mwenye kujua kusoma awaandikie. Karatasi ya namna hiyo hukunjwa mara nne ili iingie katika mfuko wa shati la anayerudi nyumbani, na huchanika kwanza kwenye mikunjo, hivyo maneno yaliyo katikati ya ukurasa ndiyo hutangulia kupotea. Anauliza kama mtoto amepona. Anasema baiskeli imenunuliwa. Anataja jina la mtu anayedaiwa. Mkusanyaji hatalipa hata ngwee moja kwa ajili ya baiskeli ile, na hifadhi ya Lusaka, iliyo mbali karibu kilomita 1,000 kwa barabara, haitatuma gari kuja kuifuata.

Hoja hii ya mzee ndiyo nzito kuliko zote zilizotangulia, kwa kuwa inauhamisha mjadala kutoka kwa hati za wakubwa, ambazo kila mtu tayari anakubali kwamba zina thamani, na kuupeleka kwa zile ambazo thamani yake itaonekana tu endapo mtu atazisoma.

MTUNZA NYARAKA: Ni kweli kwamba hifadhi za serikali zilijengwa kwanza kwa ajili ya karatasi za serikali. Hifadhi ya Taifa ya Zambia ilirithi kazi iliyoanzishwa mwaka 1947 na hifadhi ya ukoloni wa Afrika ya Kati, na sheria yake ya 1969 inailazimu kwanza kulinda kumbukumbu za umma. Daftari za wilaya, ambamo maofisa wa ukoloni waliandika kwa mkono habari za machifu, mipaka, njaa na uvuvi, zimo humo. Lakini mtu binafsi anaweza kukabidhi karatasi zake, na mwanamke aliyeandikiwa barua ile ya baiskeli ana nafasi rafuni sawa na gavana. Asichoweza kukifanya mtunza nyaraka ni kuipokea hati iliyokwisha kuliwa. Hapa inafaa mzee asikilize neno la fundi. Wino wa zamani wa chuma, ulioungwa kwa chumvi ya chuma na tanini ya mimea, hugeuka asidi na kuitoboa karatasi kwenye mistari ya maandishi, mpaka ukurasa ukiinuliwa mwandiko huanguka na kuacha matundu. Pini na vibanio vya chuma hupata kutu na kuambukiza doa. Gamu ya utepe wa plastiki hugeuka njano na kupenya ndani ya nyuzi, nayo haitoki tena. Kibaya zaidi ni desturi ya siku hizi ya kupeleka cheti au barua ya babu dukani ikafungwe katika plastiki kwa joto, kwa sababu joto huzeesha karatasi, asidi hufungiwa ndani pamoja nayo, na hakuna njia salama ya kuifungua. Mjukuu hufanya hivyo kwa mapenzi, na mapenzi hayo yanahitaji kufundishwa.

MZEE WA UKOO: Neno la fundi limesikika, na plastiki haitatumika. Lakini kuna jambo ambalo fundi halioni kwenye nyuzi za karatasi. Barua hizo zina siri. Kuna barua inayotaja kwamba bibi fulani hakuzaliwa katika ukoo bali alinunuliwa akiwa mtoto, wakati misafara ya watumwa ilipokuwa ikipita kati ya Mweru na Tanganyika kuelekea pwani. Wajukuu wake leo ni watu wazima wenye heshima, na neno hilo likitangazwa, mtu atakataliwa kiti au shamba. Kuna barua ya deni la nyavu ambalo lililipwa lakini halikuandikiwa risiti. Sanduku halikufungwa kwa ujinga. Lilifungwa kwa sababu aliyelifunga alijua nani ataumia likifunguliwa.

MTUNZA NYARAKA: Hifadhi huweza kupokea hati kwa sharti la kufungwa, yaani isisomwe na mtu yeyote mpaka upite muda uliokubaliwa na mwenye kuitoa, hata wajukuu wanaotajwa wawe wamekwenda zao.

MZEE WA UKOO: Na ufunguo wa sharti hilo anao nani, mtu aliye umbali wa kilomita 1,000? Tena hati hiyo ni ya nani hata itolewe? Watu wengi wa Luapula huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mrithi wa mwanamume ni mwana wa dada yake, wala si mwanawe wa kumzaa. Mume alimwandikia mke kutoka Katanga. Mke akaitunza, mke akafa. Je, barua ni ya watoto waliomo ndani ya nyumba, ni ya wapwa wa mume aliyeiandika, au ni ya ukoo wa mke aliyeandikiwa?

MKUSANYAJI: Sheria ina jibu. Katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, Zambia ikiwamo, karatasi ni mali ya aliyeandikiwa, na haki ya kuyachapisha maneno ni ya aliyeandika na warithi wake. Mnunuzi wa barua hununua karatasi tu.

MZEE WA UKOO: Basi sheria imeigawa barua mapande mawili, na hata hivyo haijawafikia wenyewe. Kwa hesabu ya huku, karatasi imekwenda kwa ukoo wa mke, maneno yamekwenda kwa wapwa wa mume, na watoto walioisikia ikisomwa jioni, ambao ndio pekee wanaokumbuka sauti ya msomaji na mahali mama alipolia, hawana kitu. Anayekuja na fedha mkononi hununua kutoka kwa yule aliyemkuta nyumbani siku hiyo. Hicho ndicho kinachotokea, ndugu, hata kama mnunuzi ni mtu mwema, na hata kama ataandika silsila ya umiliki kwa mwandiko mzuri.

MKUSANYAJI: Hoja hiyo haina jibu rahisi, na mkusanyaji mwadilifu anapaswa kuikubali: asinunue mpaka pande zote za ukoo zimekaa pamoja. Lakini kukataa kuuza si sawa na kuhifadhi. Mwenye sanduku asiyeuza, asiyekabidhi na asiyepiga picha anaitoa barua kwa mchwa, na mchwa hawaandiki silsila.

MWALIMU WA HISTORIA: Labda wakati umefika wa kuuliza hati huhifadhiwa ili isomwe na nani. Mwata Kazembe wa kumi na nne, Chinyanta Nankula, alikusanya mapokeo ya Walunda wa mashariki pamoja na Padri Edouard Labrecque wa shirika la White Fathers, na kitabu chao cha Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kilichapishwa mwaka 1951; mwaka 1961 Ian Cunnison akatoa tafsiri yake ya Kiingereza. Masimulizi hayo hayakulindwa na sanduku wala na rafu yenye kipimajoto. Yalilindwa na kusomwa, na kila aliyeyasoma akawa mlinzi. Kwa upande mwingine, hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na wafanyabiashara wa pwani waliofika mpaka Itawa na Katanga zimehifadhiwa vizuri kabisa huko Tervuren, Ubelgiji, na zile barua za Kiswahili za kale zaidi zinazojulikana, za mwanzoni mwa karne ya 18, zimo katika hifadhi ya Goa, India. Karatasi zao zi salama. Lakini ni vijana wangapi wa Nchelenge, au hata wa Kilwa ya pwani, wanaoweza kuzisoma herufi hizo leo? Hamed bin Muhammad el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyepigana na Nsama wa Itawa mwaka 1867 si mbali na ziwa hili, aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha hati hiyo. Nchi aliyoipiga vita inamjua kwa tafsiri.

MZEE WA UKOO: Mwalimu amesema vema kuhusu kusomwa, ila aongeze jambo moja. Kitabu kile cha 1951 kilikuwa kalamu ya Walunda. Simulizi la Nachituti lilipoandikwa na kuchapwa kwa namna ilivyosimuliwa katika jumba la Kazembe, namna za Washila na koo nyingine zilizokuwa zikisimulia kila moja kwa upande wake zilibaki mdomoni, na mdomo ukawa unaonekana dhaifu mbele ya chapa. Aliyeandika kwanza alionekana ndiye mkweli. Hii ndiyo sababu koo ndogo zinayashika masanduku yao: siku moja yatakuwa jibu lao.

MWALIMU WA HISTORIA: Basi jibu hilo lisilale gizani mpaka liwe vumbi. Jibu ambalo halijasikika halijamjibu mtu.

MTUNZA NYARAKA: Hapo ndipo upigaji picha unapoingia. Tangu 2004 Maktaba ya Uingereza imekuwa na mpango wa kusaidia kupiga picha kumbukumbu zilizo hatarini, na sharti lake ni kwamba hati halisi zisitoke katika nchi yake. Kumbukumbu za chama cha UNIP mjini Lusaka zilishughulikiwa chini ya mpango huo. Karatasi inabaki nyumbani, picha inakwenda kwa msomaji. Ukoo haupotezi sanduku, na taifa halipotezi maneno.

MKUSANYAJI: Na mwezi Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao wakaishambulia maktaba hiyo hiyo, mifumo yake ikazimika kwa miezi mingi, na picha za mpango huo zikawa hazifikiki mtandaoni. Rafu nayo haina kinga: tarehe 18 Aprili 2021 moto uliingia Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza sehemu kubwa ya mkusanyo wake wa vitabu kuhusu Afrika. Kuweka kila kitu mahali pamoja, hata mahali pa heshima, ni hatari ile ile ya paa la nyasi kwa kipimo kikubwa zaidi.

MTUNZA NYARAKA: Hilo ni kweli, na ndiyo maana nakala moja haitoshi. Picha zikae Lusaka, zikae Makumbusho ya Moto Moto kule Mbala, zikae kwenye shule ya hapa hapa ufukoni. Aliyepo mbali na aliyepo karibu wakiwa nazo, moto wa mmoja hautamaliza.

MZEE WA UKOO: Na barua za Mbereshi? Wamisionari wa London Missionary Society walifika huko mwaka 1900, Mabel Shaw akaanzisha shule yake ya wasichana tangu 1915, na kwa miaka mingi wakaandika juu ya mabinti wa bonde hili, tabia zao, ndoa zao na magonjwa yao. Kumbukumbu za shirika lao zimo katika chuo cha SOAS, London. Mabinti wale hawakuulizwa. Mtunza anataka masanduku ya Nchelenge yafunguliwe na kupigwa picha. Je, London nayo itazituma picha za barua zile Mbereshi, ili mjukuu asome kilichoandikwa juu ya bibi yake bila kuomba viza? Kama ufunguzi ni wa upande mmoja, huo si uhifadhi. Ni ukusanyaji ule ule, isipokuwa sasa unafanywa kwa kamera.

MTUNZA NYARAKA: Dai hilo ni la haki, mzee, na linapaswa kuandikwa kwa barua rasmi, yenye saini za wakuu wa koo, ipelekwe kwa wenye hifadhi hizo. Lakini dai litakuwa na nguvu zaidi kama ufuko wenyewe una orodha ya ulicho nacho. Mpaka sasa hakuna mtu anayeweza kusema katika masanduku ya kutoka Chiengi mpaka Mwansabombwe mna barua ngapi, za lugha gani, za mwaka gani. Orodha si kukabidhi. Orodha haimnyang'anyi mtu. Na siri ya bibi haiingii humo, kwa sababu orodha hutaja nani alimwandikia nani na lini, haisemi alichoandika.

MZEE WA UKOO: Orodha itaandikwa na nani?

MWALIMU WA HISTORIA: Na watoto wa koo zenyewe, mbele ya wazee, upande wa mama na upande wa baba wakiwapo. Mtoto aliyeandika kwa mkono wake jina la babu yake hatakubali babu huyo auzwe kimya kimya.

MKUSANYAJI: Na mkusanyaji akija, aonyeshwe orodha kwanza, ajue kwamba hati ina wenyewe.

MZEE WA UKOO: Hilo linaweza kuzungumzwa na ukoo. Halijakubaliwa, linaweza kuzungumzwa. Mpwa aliyeko Pweto lazima aitwe avuke, na dada wa marehemu lazima awepo, na ikiwa yeyote kati yao atasema barua fulani isifunguliwe, haitafunguliwa hata kama ni ya Livingstone.

MTUNZA NYARAKA: Hayo ni masharti ya wenye haki ya kuyaweka. Wakati ukoo unazungumza, kila mwenye sanduku ufukoni afanye yasiyohitaji ruhusa ya mtu: aliinue sanduku kutoka sakafuni aliweke juu ya mawe au mbao, atoe pini na vibanio vya chuma, asibandike utepe wala asifunge chochote katika plastiki, akunjue karatasi zilizokunjwa na kuzilaza ndani ya bahasha safi, na juu ya bahasha, kabla karatasi haijaingizwa, aandike kwa penseli jina la aliyeandika, jina la aliyeandikiwa, na mahali barua ilipotoka. Mvua zinaanza Novemba.